Intaneti ilipokuwa ni simu: modemu, masafa marefu na barua pepe iliyozoea kusubiri

Juzi jioni nilikuwa kijiweni Magomeni, kahawa na kashata, mada ikahamia kwenye bando kama kawaida. Kijana mmoja wa bodaboda analalamika ameunga GB asubuhi, mchana meseji inamwambia amebakiwa na MB chache na hata video hajaangalia, na kibaya zaidi kuna imeili ya kazi anaisubiri, anaogopa bando likiisha halafu imeili ikaja itapotea. Mzee mmoja akamwambia nyie mnateseka na mambo ya MB, sisi tulikuwa tunalipia dakika, unaingia unafanya yako unatoka, hakuna cha kuliwa. Mwingine akadakia kwamba zamani ilikuwa bure kabisa, ilikuwa inapita kwenye simu ya mezani. Kijana akashangaa. Sasa intaneti ilipitaje kwenye simu ya mezani na ile simu haina hata skrini? Na hiyo modemu mliiwekea laini gani, Voda au Airtel?

Kila mtu pale alikuwa na kipande cha ukweli ila vimechanganyika, na mimi nilishindwa kujibu palepale kwa sababu kila nikianza sentensi moja inadai nyingine kabla yake. Nimeona niandike kwa mpangilio, maana lile swali la kijana ni zuri sana, ukilijibu lenyewe na hayo mengine yote yanafunguka, mpaka hofu yake ya imeili.

Tuanze na neno modemu. Leo ukienda Aggrey pale Kariakoo ukaomba modemu unapewa kidude kama flashi, unaweka laini ya simu ndani, unachomeka kwenye laptopu, basi. Modemu ya zamani ilikuwa kiboksi chenye waya mbili kubwa, mmoja unaenda kwenye kompyuta, wa pili unaenda ukutani kwenye tundu la simu ya mezani. Laini yake ilikuwa ule waya wa shaba unaotoka ukutani, unapanda kwenye nguzo mtaani, unakwenda mpaka kwenye jengo la mitambo ya simu. Hakukuwa na chipu ya kuweka ndani. Vitu viwili tofauti vimerithi jina moja kwa sababu kazi yao inafanana.

Na kazi yenyewe ni hii. Waya wa simu uliwekwa kwa ajili ya kitu kimoja tu, sauti ya binadamu, na hata hiyo sauti haikupitishwa yote, wahandisi waliona ukipitisha mitetemo ya kuanzia kama 300 mpaka 3,400 kwa sekunde mtu anaeleweka na unamjua ni nani, wakaishia hapo. Ndo maana kwenye simu ya mezani sauti ilikuwa kama inatoka ndani ya kopo, na ukimsikilizisha mtu muziki besi haifiki. Kompyuta yenyewe haina sauti, inaongea kwa sifuri na moja. Ukizichomeka sifuri na moja kwenye waya wa simu kama zilivyo mitambo haizipitishi, haikutengenezwa kwa ajili yake. Kwa hiyo modemu inazigeuza kuwa milio inayoweza kupita kwenye ule uwazi mdogo, na modemu ya upande wa pili inaisikiliza milio inaigeuza tena kuwa sifuri na moja.

Chukulia uko Kivukoni na mwenzako yuko ng'ambo Kigamboni, kati yenu maji, huwezi kumrushia karatasi. Lakini mkikubaliana kwamba mluzi mwembamba ni moja na mluzi mzito ni sifuri unaweza ukamsomea barua nzima kwa miluzi. Modemu za mwanzo zilifanya hivyo hasa, mlio huu ni moja, ule ni sifuri, na zilifikisha biti 300 kwa sekunde, yaani sifuri na moja 300. Za baadaye zikawa na ujanja mkubwa zaidi, zinacheza na nguvu ya mlio na mahali unapoanzia kwa pamoja, ili kila mlio mmoja ubebe biti kadhaa kwa mpigo. Lakini mpaka modemu ya mwisho kabisa ya kupiga simu, msingi ulibaki uleule, ni simu imepigwa na mashine mbili zinaongea.

Kwa hiyo jibu la kijana: intaneti haikuhitaji skrini ya simu. Ilihitaji sikio na mdomo wake.

Zile kelele sasa. Wengi waliowahi kuzisikia wanadhani mashine ilikuwa mbovu au inahangaika. Kila sehemu ya ile kelele ilikuwa na maana. Kwanza unasikia tuuu, simu iko tayari. Modemu inabonyeza namba yenyewe harakaharaka. Inaita. Modemu ya upande wa pili ikipokea inatoa mlio mmoja mwembamba mrefu, mitetemo 2,100 kwa sekunde, na huo mlio una kazi mbili. Unaijulisha modemu yako kwamba aliyepokea ni mashine, na unaviambia vifaa vya kampuni ya simu vya kuondoa mwangwi vijizime, maana vile vilitengenezwa kusaidia watu wanaopokezana kuongea, wakati modemu zinaongea zote mbili kwa wakati mmoja. Baada ya hapo ndo ule mchanganyiko wa kriii na shhhh. Hapo zinapimana. Waya huu una kelele kiasi gani, milio gani inafika vizuri na ipi inafifia, tukimbie kwa spidi gani bila kukosea. Mvua za masika zikinyesha na maji yakaingia kwenye viungio vya nyaya za shaba ulikuwa unasikia kabisa ile shhhh inarefuka, na mwisho wake zinakubaliana spidi ya chini.

Halafu ghafla kimya. Mtu anadhani kelele zimekwisha, kumbe modemu imezima tu spika yake. Ile spika ndogo iliwekwa kwa ajili yako wewe, usikie kama laini inatumika, au kama umekosea namba na aliyepokea ni mama wa watu saa sita usiku anasema haloo, haloo, ukate haraka umuache alale. Zikishaelewana milio inaendelea kwenye waya mpaka mwisho, wewe ndo huisikii tena.

Kuna maneno mawili ambayo tuliyaona kwenye skrini mpaka tukayachukia: NO CARRIER. Tafsiri yake mbebaji hayupo. Sisi tulijua mbebaji ni kampuni ya simu, tukawa tunaamini kampuni imetukatia kwa makusudi. Kumbe mbebaji ni ule mlio wa msingi ambao biti zinapandishwa juu yake, kama gari na mzigo. Mlio ukipotea gari limeondoka na mzigo umebaki chini. Na mara nyingi aliyesababisha ni mtu wa chumba cha pili aliyenyanyua mkonga wa simu. Ila sio kwamba tulikuwa wajinga, kwa sababu kwa Kiingereza neno hilohilo linatumika pia kwa kampuni inayobeba simu yako kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Huyo ni mbebaji wa pili na yeye ndo aliyekuwa anakula pesa, nitamfikia.

Kwanza niwaeleze kilichonifundisha mimi. Mwaka 1997 nilikuwa karani kwenye ofisi ndogo mjini, laini ya simu ni moja, inagawanwa na simu ya bosi, faksi na modemu. Simu ilifungiwa kwenye kiboksi cha mbao chenye kufuli, kama ofisi nyingi za enzi hizo, kupokea unaweza ila kupiga mpaka ukaombe ufunguo kwa mama mhasibu, naye anautunza kwenye pochi. Modemu haikuwa ndani ya kiboksi. Ilikaa juu ya kompyuta, nyeusi, ukubwa kama kitabu kinene, mbele ina mstari wa taa ndogo nyekundu na chini ya kila taa herufi mbili. MR iko tayari. OH simu imenyanyuliwa. CD mlio wa mbebaji umepatikana. SD inatuma, RD inapokea. Nilizisoma zile taa kama dereva anavyosoma dashibodi. OH ikiwaka pesa imeanza kuondoka. CD ikiwaka zimeelewana. RD ikipepesa barua zinaingia, moyo unafurahi. RD ikitulia na OH bado inawaka, hapo unalipia kimya.

Ijumaa moja nilifunga ofisi nikasahau kukata. OH iliwaka usiku kucha mpaka umeme ulipokatika alfajiri. Bili ilipokuja mama mhasibu akaenda moja kwa moja kwenye kiboksi, akakagua kufuli, akakagua bawaba, akaurudia ule ukurasa wa bili mara tatu. Kufuli zima, ufunguo anao mwenyewe, simu imepigwa na nani? Ikabidi nimpeleke kwenye kompyuta nimuoneshe ule waya unavyoingia ukutani palepale unapoingia wa simu. Akauliza taratibu, mwanangu, kwa hiyo na hii nayo ni simu? Nikamwambia ndiyo mama, ni simu. Nililipa kidogokidogo kwenye mshahara. Kuanzia siku ile kila jioni kabla ya kutoka nilikuwa nagusa ile taa ya OH kwa kidole kuhakikisha imezima.

Sasa turudi kwa wazee wa kijiweni. Yule wa bure hakuwa sahihi, ila najua pa kuanzia pa huo uvumi. Marekani sehemu nyingi simu za ndani ya mji zililipiwa kwa mwezi, bei ileile hata uongee siku nzima, kwa hiyo kijana wa kule aliweza kuacha modemu hewani masaa na masaa mradi namba anayopiga iko jirani. Hiyo ndo picha iliyosambaa duniani. Huku kwetu hata Dar kwa Dar kila muda uliokaa hewani ulihesabiwa, na juu yake unalipa ada ya mtoa huduma wa intaneti. Bili mbili kwa kazi moja.

Na yule wa dakika alikuwa sahihi nusu. Ni kweli hukuliwa MB, kwa sababu ukikata simu hakuna kitu kinachoweza kupita, mlango umefungwa. Simu ya leo iko hewani muda wote hata ikiwa mfukoni, programu zinajisasisha zenyewe, picha za magrupu ya WhatsApp zinajipakua, mtu hajagusa chochote. Lakini kulipia dakika kulikuwa na maumivu yake. Leo mtandao ukiwa mzito MB moja bado ni MB moja, utasubiri tu. Enzi zile waya ukiwa mbovu barua ileile inakugharimu mara mbili au tatu, kwa sababu unalipia muda wa kuisubiri. Yaani kadiri huduma ilivyokuwa mbaya ndivyo ulivyolipa zaidi. Mimi hilo sijawahi kuliona kuwa haki.

Tupige hesabu, maana spidi nazo zinachanganya. Modemu inapimwa kwa biti, mafaili tunayapima kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Modemu maarufu ya elfu 56, ile ya mwisho mwisho iliyosanifiwa mwaka 1998, sio kilobaiti 56, ni kilobiti, ukigawa kwa nane unapata kilobaiti 7 kwa sekunde, na hiyo ni upande wa kupokea na waya ukiwa safi. Barua ya ukurasa mmoja, tuseme herufi 2,000, ni biti 16,000. Kwenye modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ni kama sekunde 7. Safi kabisa. Sasa chukua picha moja ya simu ya leo, MB 3, ni biti milioni 24. Kwenye modemu ileile ni sekunde 10,000, karibu masaa matatu kasoro robo, na kwenye modemu ya 28,800 ni karibu dakika 14. Picha moja! Ukiiona hesabu hii unaelewa kwanini watu wa zamani tunaandika barua pepe fupi, hakuna mapambo, na mtu akituma kiambatanisho bila kuomba ruhusa anaonekana hana adabu. Kwanza viambatanisho vyenyewe vilipata utaratibu wa pamoja mwaka 1992 tu, na kwa sababu barua pepe ilijengwa kwa ajili ya maandishi, faili likiambatanishwa linageuzwa kuwa herufi na kunenepa kwa theluthi moja, la kilobaiti 300 linasafiri kama 400. Hilo linaendelea mpaka leo.

Umbali sasa, yule mbebaji wa pili. Kwenye simu za zamani umbali ulikuwa na bei. Dar kwa Dar bei moja, Dar kwa Mwanza bei nyingine, Dar kwa London unafikiria mara mbili kabla ya kunyanyua. Kwetu kampuni ilikuwa moja, shirika la posta na simu lilipogawanywa TTCL ikaanza kazi 1994, na kwa simu za mezani huku Bara ikabaki peke yake mpaka soko lilipofunguliwa 2005. Unaujua umbali hata kwa kuangalia namba, Kenya unaanza na 005, Uganda 006, dunia nyingine yote 000. Dar yenyewe ilikuwa 051 kabla haijawa 022.

Marekani walikwenda njia tofauti. Tarehe 1 Januari 1984 kampuni kubwa ya AT&T ilivunjwa, simu za ndani ya maeneo zikaenda kwa makampuni saba ya kikanda, na simu za masafa marefu zikawa uwanja wa ushindani, AT&T yenyewe, MCI, Sprint, kila mmoja anashusha bei kuvuta wateja. Tofauti ya bei kati ya kule na huku ikawa kubwa mno mpaka ikazaa biashara ya ajabu, unapiga namba ya Marekani, inaita, unakata kabla haijapokelewa kwa hiyo hulipi, halafu mtambo wa kule unakupigia wewe na kukupa laini ya kwao, unaendelea na safari kwa bei ya kule. Nchi nyingi za Afrika ziliipiga marufuku kwa sababu mapato ya simu za nje yalikuwa yanavuja.

Sasa jiulize, kama hakuna mtoa huduma wa intaneti mjini kwako, na kompyuta yenye barua zako iko Ulaya, utasomaje barua bila kufilisika? Hapa ndo pana ufundi ninaoupenda kuliko yote. Mwaka huohuo wa 1984 jamaa mmoja wa San Francisco, Tom Jennings, alitengeneza mfumo unaoitwa FidoNet. Wazo lake rahisi: usiongee hewani. Andika barua zako zote modemu ikiwa imezimwa, zibane zikae ndogo, zifunge kwenye furushi moja, usiku wa manane simu zikiwa nafuu kompyuta yako inapiga, inakabidhi furushi, inapokea furushi lililokuja, inakata. Ukiamka barua ziko mezani. Na sio lazima umpigie mlengwa, unampigia wa jirani, naye anampigia wa mbele yake.

Mtu wa Dar anauelewa mfumo huu bila shida kwa sababu ndivyo tunavyotuma mzigo kwa basi. Unaupeleka ofisi ya basi, unaandikisha jina, basi linaondoka alfajiri, mzigo unashushwa stendi Mwanza, ndugu anaufuata kwa muda wake. Hujasafiri wewe wala yeye hajasimama barabarani kusubiri. Barua pepe nyingi za mashirika na wasomi wa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilisafiri hivyo, kwa mafurushi ya Fido, na London shirika la GreenNet liliendesha geti la kuziunganisha na intaneti ya dunia. Barua ya leo inajibiwa kesho au kesho kutwa, na watu walishukuru, kwa sababu ya posta ilikuwa wiki.

Madaktari walipata kitu kingine zaidi. Shirika la SatelLife la Boston, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, mwaka 1991 lilianza kutumia setilaiti ndogo inayozunguka chini chini, inapita juu ya nchi mara chache kwa siku, ikipita inachukua barua za madaktari, inatembea nazo, ikifika juu ya kituo kingine inazishusha. Tanzania ilikuwemo kwenye mtandao huo. Yaani tarishi yuko angani, ila tabia yake ni ileile ya basi la mkoani.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 watoa huduma wakaanza kufungua Dar, CyberTwiga ikiwa miongoni mwa wa mwanzo, na anwani za Tanzania, zile zinazoishia na .tz, zilianza kutambuliwa 1995. Hapo watu walisema tatizo la masafa marefu limekwisha maana sasa unapiga namba ya hapahapa mjini. Halikwisha, lilihama bili. Mtoa huduma ndo alibaki anauvuka ule umbali, kwa madishi makubwa yanayotazama setilaiti iliyoko kama kilomita 36,000 juu, data inapanda inashuka, swali na jibu lake vinakula karibu nusu sekunde hata kama laini ni nzuri. Gharama ile inarudi kwako kwenye ada. Na mtu wa mkoani ambako hakuna mtoa huduma, kila akitaka kusoma barua anaipigia Dar kwa bei ya masafa marefu. Unafuu wenyewe ulianza kuja pale nyaya za chini ya bahari zilipofika, SEACOM ilianza kazi hapa Dar Julai 2009, na wakati huo modemu za kupiga simu zilishaanza kusahaulika.

Imebaki barua pepe, na hofu ya yule kijana.

Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, ndiye aliyetuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa kutumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine anakopokelea. Mtanzania hahitaji maelezo marefu kwa hii, tumekua na S.L.P. Posta kwetu ilikuwa haileti barua mlangoni. Jina lako, sanduku lako, mji. Barua inakaa sandukuni, ukipata nafasi unakwenda Posta na ufunguo. Kabla ya @ ni wewe, baada ya @ ni posta yako. Na kama ambavyo familia kumi zinatumia sanduku moja la shule au la kanisa, ofisi nyingi za Dar zilikuwa na anwani moja ya barua pepe kwa watu wote, juu ya barua inaandikwa tafadhali mpe fulani, karani anaichapisha kwenye karatasi na kumpelekea. Hiyo kazi nimeifanya miaka miwili, nimepeleka habari za misiba na za vyuo kukubali watu, zikiwa bado na joto la printa.

Kwa hiyo barua pepe haiji kwenye simu yako. Inakwenda kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza sanduku lako, inakaa hapo, simu yako ndo inaifuata ikipata mtandao. Bando likiisha wiki nzima barua iko palepale. Na kama seva yenyewe ya kupokea imezima, seva ya mtumaji haitupi barua, inaitunza na kujaribu tena na tena, kwa utaratibu uliozoeleka siku nne au tano, na ikishindikana kabisa inamrudishia mtumaji taarifa kwamba haikufika na kwanini. Uvumilivu huo umetokana na dunia ile niliyoieleza, ambayo kompyuta nyingi zilikuwa hewani dakika chache tu kwa siku na kila dakika ina bei. Usingeweza kujenga mfumo unaodai wote wawili wawe macho kwa pamoja. Simu inadai hivyo. Barua haidai.

Jana nimerudi kijiweni nikamueleza kijana hilo la mwisho kwanza, kwamba imeili haipotei kwa sababu ya bando. Akaniuliza, na ile taarifa ya kurudishwa inakujaje? Nikamwambia inakuja kama barua ya kawaida, kwa Kiingereza, mtumaji wake ni seva, wengi wanaifuta wakidhani ni matangazo. Akatoa simu akatafuta. Ilikuwepo, imelala tangu Jumanne. Jina la kampuni alikotuma maombi lilikuwa limeruka herufi moja, seva haikuikuta anwani hiyo ikamrudishia siku ileile. Akaketi upande juu ya pikipiki yake, akairekebisha ile herufi, akaisoma anwani kwa sauti mara mbili, mzee wa dakika akiwa anamfuatilia herufi kwa herufi, akatuma.